Ugonjwa wa Gereza Kuukuu Haumo Kwenye Kuta

Ugonjwa ukilipuka katika gereza kongwe la mji au la wilaya, maelezo huwa tayari kabla hata mgonjwa wa kwanza hajapimwa: jengo ni la zamani. Kuhara kumeingia, jengo ni la zamani. Upele umesambaa selo nzima, jengo ni la zamani. Mahabusu amefariki baada ya kukohoa miezi mitatu, tunaambiwa tena kwamba jengo ni la kurithi na fungu la kujenga jipya bado halijapatikana. Maelezo haya yanampendeza anayeyatoa kwa sababu hayamtaji mtu yeyote. Anayelaumiwa ni tofali.

Nakubali kwamba bomba la chuma lililozikwa ardhini miaka 70 huliwa na kutu, na kwamba sakafu iliyopasuka haisafishiki hata uipige maji kutwa. Lakini nimefuatilia habari za magereza kwa muda mrefu, na kila nikichimba chini ya kauli hiyo nakutana na uamuzi wa mtu. Kuna aliyesaini kuingizwa kwa watu wengine 30 juzi. Kuna aliyeamuru dirisha lizibwe. Kuna aliyeahirisha gari la kunyonya maji taka kwa mwezi wa nne mfululizo. Umri wa jengo unaongeza gharama ya uzembe, ila hauzai uzembe wenyewe.

Nianze na choo. Chukua selo iliyojengwa kwa watu 20. Ina tundu moja la choo kwenye kona, ukuta mfupi unaoishia kiunoni, na bomba moja linalochomoza ukutani. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ambayo wahandisi wake wameingia magerezani katika nchi nyingi, inapendekeza choo kimoja kwa watu wasiozidi 25, maji yasiyopungua lita 10 hadi 15 kwa mtu kwa siku, na eneo la mita za mraba 3.4 kwa kila anayelala katika chumba cha pamoja. Kwa watu 20, selo hiyo inaweza kuwa kuukuu na bado watu wakaishi humo bila kuugua. Sasa ingiza watu 70. Hakuna tofali lililozeeka usiku huo, lakini kila kitu kimebadilika.

Piga hesabu ndogo. Watu 70, kila mmoja akitumia dakika tano tu chooni, ni dakika 350, yaani karibu saa sita. Milango hufungwa jioni na kufunguliwa asubuhi, kwa hiyo nusu nzima ya usiku kuna mtu amechuchumaa pale na mwingine amesimama anamsubiri. Nyapara anapanga zamu, lakini tumbo la kuhara halijui zamu. Mgeni aliyeletwa jana, ambaye bado hana godoro wala rafiki, ndiye anayepewa nafasi ya kulala jirani na tundu. Wanalala kwa ubavu, mmoja akigeuka wote wanageuka, na yule wa mwisho anajikuta uso wake uko shubiri moja kutoka sakafu yenye majimaji. Pengine ameletwa kwa kesi ya kuku.

Maji nayo yana siasa yake. Presha ikiwa ndogo, bomba hutoa maji kwa muda wa saa mbili alfajiri na kwa muda wa saa moja jioni, basi. Watu huyakinga kwenye chupa, kwenye madumu ya mafuta, kwenye beseni ambalo mikono 40 itachota humo kabla ya usiku kuisha. Hapo kila selo hufanya uamuzi ambao mtu aliye huru hajawahi kulazimika kuufanya: maji haya tunywe au tumwagie choo? Jibu linajulikana. Choo hakimwagiwi, nzi wanaongezeka, na mtu anayekula kwa mkono anakula bila kunawa kwa sababu kipande chake cha sabuni, kilichokatwa kwa uzi kutoka kwenye mche mmoja uliogawiwa watu kumi, kiliisha wiki iliyopita. Kisha kuhara kukitokea, ripoti inasema wafungwa hawazingatii usafi.

Nyuma ya ukuta, pale ambapo mgeni haruhusiwi kufika, kuna tangi la maji taka. Tangi hili ni kitu rahisi sana kukieleza. Maji machafu huingia upande mmoja, hutulia angalau siku nzima, tope likazama chini na mafuta yakaelea, kisha maji yaliyopungua uchafu hutoka upande wa pili kwenda kwenye shimo la kunyonya. Kila kitu kinategemea kule kutulia. Ukilipelekea tangi maji ya watu mara tatu ya idadi lililochimbiwa, muda wa kutulia unashuka hadi theluthi. Tope halizami, linatoka pamoja na maji, linaziba ardhi ya shimo la kunyonya, na baada ya muda maji hayana pa kwenda isipokuwa kurudi yalikotoka. Yanachomoza kwenye chemba, halafu kwenye tundu la selo ya chini kabisa. Siku hiyo mkuu wa gereza ataita fundi, fundi atazibua, na wiki mbili baadaye yatachomoza tena, kwa sababu kilichoziba ni idadi ya watu. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa fedha nyingi za ukarabati huishia hapo: kubadilisha bomba la mbele wakati tangi la nyuma limeshajaa.

Mahali ambapo choo hakimo kabisa ndani ya selo, ndoo ndiyo hutumika. Wapo watakaodhani hilo ni jambo la nchi maskini tu. Uingereza iliachana na ndoo za usiku mwaka 1996. Scotland ilichelewa zaidi, na katika gereza la Barlinnie, lililofunguliwa mwaka 1882, mahabusu aitwaye Robert Napier alishikiliwa mwaka 2001 katika selo ya watu wawili isiyo na choo huku ugonjwa wake wa ngozi ukizidi. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2004 jaji akaamua kwamba hali ile ilimdhalilisha na kukiuka haki zake. Serikali haikuweza kujificha nyuma ya umri wa jengo. Ilikuwa imepata nafasi ya kurekebisha, na fedha ikazipeleka kwingine.

Kwenye hewa ndiko hoja ya uzee wa jengo inapoangukia pua kabisa.

Kifua kikuu husafiri kwa hewa. Mgonjwa akikohoa, vijidudu huelea chumbani kwa saa kadhaa, na kinachoamua kama jirani yake atavivuta ni hewa ya chumba hicho hubadilika mara ngapi. Mwaka 2007 watafiti walichapisha vipimo walivyovichukua katika hospitali za Lima, Peru. Walikuta kwamba vyumba vya majengo yaliyojengwa zaidi ya miaka 50 kabla, vyenye dari za juu na madirisha makubwa, vilibadilisha hewa takribani mara 40 kwa saa madirisha na milango ikiwa wazi. Vyumba vya kisasa zaidi vilivyotegemea madirisha vilifika takribani mara 17. Na kile kiwango ambacho vyumba vyenye mitambo ya gharama hutakiwa kukifikia kwa ajili ya wagonjwa wa TB ni mara 12. Wajenzi wa zamani hawakuwa na umeme wa kutegemea, kwa hiyo walijenga kwa kufuata upepo. Jengo kongwe, likiachwa lipumue, linaweza kumlinda mtu kuliko jipya.

Tatizo ni kwamba magerezani halikuachwa lipumue. Dirisha la juu lilizibwa kwa bati baada ya mtu kujaribu kutoroka. La pili likajengewa tofali kwa sababu lilitazamana na ofisi. Tundu la hewa likazibwa na wafungwa wenyewe kwa matambara msimu wa baridi, kwa kuwa hawakupewa mablanketi ya kutosha. Kila hatua ilikuwa na sababu yake siku ile, na hakuna aliyerudi kuuliza jumla yake imekuwa nini.

San Quentin, gereza la California lililoanza kutumika mwaka 1852, lilipata somo hili kwa njia ya kutisha. Mwishoni mwa Mei 2020 zaidi ya wafungwa 120 walihamishiwa huko kutoka gereza lingine lililokuwa na mlipuko wa korona, wengi wao wakiwa na vipimo vya wiki kadhaa nyuma. Wataalamu wa afya kutoka Chuo Kikuu cha California walipofika katikati ya Juni waliandika kwamba madirisha ya majengo ya selo yalikuwa yamechomelewa yasifunguke, na kwamba feni za kusukuma hewa zilionekana hazijawashwa kwa miaka. Kabla msimu huo haujaisha, zaidi ya watu 2,000 walikuwa wameambukizwa. Wafungwa 28 na mtumishi mmoja walifariki. Kuta za 1852 hazikumchomelea mtu dirisha.

Sitaki ieleweke kwamba TB imebaki hadithi ya karne iliyopita. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2023 yanaonyesha kwamba katika mwaka 2019 peke yake watu takribani 125,000 waliokuwa kizuizini duniani waliugua kifua kikuu, na ni zaidi kidogo tu ya nusu yao waliogundulika. Waliobaki waliendelea kukohoa kando ya wenzao, wakahamishwa selo, wakapelekwa mahakamani kwa gari lililofungwa madirisha, na wengine wakaachiwa wakarudi nyumbani kwa watoto wao.

Hiyo safari ya kurudi nyumbani ndiyo inayolitofautisha gereza la mji na gereza kuu la vifungo virefu. Katika gereza kuu watu hukaa miaka. Katika gereza la mji watu huingia na kutoka kila siku: huyu kaletwa na polisi usiku, yule kapata dhamana mchana, wa tatu kalipa faini, wa nne kaenda kusomewa shtaka na karudishwa jioni. Nchini Marekani, ambako jela za kaunti hushikilia watu wa aina hii, watafiti wawili walichunguza jela ya Kaunti ya Cook, Chicago, mwanzoni mwa korona. Walikuta kwamba kuingia na kutoka kwa watu katika jela hiyo moja kulihusiana na takribani mgonjwa mmoja kati ya kila sita waliokuwa wamethibitishwa katika jimbo zima la Illinois hadi tarehe 19 Aprili 2020. Asiyejali afya ya mfungwa na alifikirie basi lake la asubuhi, kwa sababu atakaa kiti kimoja naye kesho.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1577 huko Oxford wafungwa waliletwa mahakamani kusikilizwa, na katika wiki zilizofuata watu wapatao 300 wakafa, wakiwemo maofisa waliokaa meza ya mbele. Mwaka 1750 ilitokea tena London, katika mahakama ya Old Bailey iliyopakana na gereza la Newgate. Safari hii walikufa Meya wa jiji, majaji wawili, diwani, na makumi ya wengine waliokuwa ukumbini. Waingereza waliuita ugonjwa huo homa ya gereza, wakaamini unabebwa na harufu. Ndiyo maana majaji walianza kushika mashada ya maua puani na kutandaza majani yenye manukato mahakamani. Maua hayakumzuia chawa.

Chawa ndiye aliyekuwa mhusika, na aliyethibitisha hilo alifanya kazi Tunis. Charles Nicolle, mkuu wa Taasisi ya Pasteur ya mji huo, aligundua kitu ambacho wauguzi wote walikuwa wanakiona bila kukitilia maanani. Wagonjwa wa homa ile waliambukiza watu barabarani, waliambukiza waliowapokea mlangoni mwa hospitali, waliambukiza hata wafuaji wa nguo zao. Lakini wakishaogeshwa, wakanyolewa na kuvalishwa nguo safi, walilazwa katikati ya wagonjwa wengine na hakuna aliyeambukizwa. Kilichokuwa kinaambukiza kilibaki kwenye nguo. Mwaka 1909 alithibitisha kwa majaribio kwamba ni chawa wa mwili, na mwaka 1928 akapewa Tuzo ya Nobel. Kabla ya hapo, Nicolle mwenyewe alikuwa amepangiwa kwenda na wenzake wawili kwenye gereza moja la vijijini lililokuwa na mlipuko, akaugua na kushindwa kusafiri. Wenzake walilala huko. Wote wawili waliugua homa ile wakafa.

Nimekaa kwenye kisa hiki kwa sababu ya pale mlangoni. Maji, sabuni, wembe, nguo safi. Gereza kuukuu kuliko yote linaweza kuwa na chumba cha mapokezi ambamo anayeingia anaoga, nguo zake zinachemshwa au kuanikwa juani, anaulizwa kama anakohoa na kwa muda gani, anatazamwa katikati ya vidole kama ana upele, kisha ndipo apelekwe selo. Kanuni za Mandela, ambazo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizipitisha Desemba 2015, zinataka mtaalamu wa afya amwone kila anayeingia mapema iwezekanavyo. Lakini anayeletwa usiku hukuta mapokezi yana daftari la kuandikisha jina na kabati la kuhifadhi mkanda na simu, hakuna kingine. Vitu vyake vinakaguliwa kwa makini kuliko mwili wake. Upele wa mtu mmoja, usipotibiwa pamoja na wote waliolala naye siku hiyo hiyo, pamoja na kufua matandiko yao, utarudi hata ugawe dawa kila wiki. Na upele si kero ndogo. Ngozi iliyokunwa hupasuka, huingia vijidudu, na maambukizi hayo ya ngozi yakiachwa yanaweza kufika hadi kwenye figo.

Afrika Kusini hoja hizi zilifikishwa mbele ya majaji, na hukumu yake inafaa kujulikana na kila anayeendesha gereza. Dudley Lee aliingizwa Pollsmoor, Cape Town, mwishoni mwa mwaka 1999 akiwa mahabusu. Alikaa humo akisubiri kesi yake, selo ikifungwa hadi saa 23 kwa siku. Mwaka 2003 alikutwa na kifua kikuu. Mwaka 2004 akaachiwa, hakukutwa na hatia. Alipoidai serikali fidia, ilijitetea kwa hoja ya kijanja: hata kama tungefuata kila taratibu ya kudhibiti TB, huwezi kuthibitisha ni mgonjwa gani aliyekuambukiza, na pengine ungeambukizwa tu. Mahakama ya rufaa ilikubaliana nayo. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ikaikataa. Kwa lugha nyepesi, ilisema mtu uliyemfungia huwezi kumdai akutajie kijidudu kwa jina. Ulijua hatari ipo, ulikuwa na wajibu wa kuipunguza, hukuipunguza, lipa.

Miaka mitatu baada ya hukumu hiyo, gereza lile lile la Pollsmoor lilivamiwa na panya kiasi kwamba wafungwa wawili walifariki kwa homa ya mgunda, ule ugonjwa unaosambazwa na mkojo wa panya. Karibu mahabusu 4,000 ilibidi wahamishwe ili majengo yasafishwe. Panya hawakuletwa na uzee. Waliletwa na mabaki ya chakula kwenye mifereji iliyoziba, katika jengo lililokuwa limebeba watu mara mbili na zaidi ya uwezo wake. Desemba 2016 mahakama iliamuru idadi ya watu katika sehemu ya mahabusu ishushwe hadi isiyozidi asilimia 150 ya uwezo ndani ya miezi sita. Mahakama haikuamuru ujenzi wa gereza jipya. Iliamuru idadi.

Nimetaja neno mahabusu mara nyingi na sijasahau swali linalokuja kila hoja hizi zinapotolewa: kwa hiyo wezi wajengewe hoteli wakati raia wema hawana vyoo? Ni swali la watu wenye shida za kweli, na silibezi. Ila linamkosa mlengwa. Karibu theluthi ya watu wote waliofungwa duniani hawajahukumiwa. Katika magereza ya mji sehemu hiyo huwa kubwa zaidi. Kwenye jela za kaunti za Marekani ni takribani saba kati ya kumi. Wengi wao wamo ndani kwa sababu hawana mdhamini au hawana nauli ya kumleta shahidi. Sheria inamhesabu mtu huyo hana hatia mpaka itakapothibitishwa, halafu tunampa kifua kikuu kabla hakimu hajamsikiliza. Hata aliyehukumiwa, hukumu yake ilitamka miezi. Haikutamka kuhara damu.

Na raia wema asiye na choo nyumbani bado anaweza kutoka. Anaweza kwenda kwa jirani, kuchota maji kijiji cha pili, kumbeba mtoto usiku kumpeleka zahanati. Mtu aliyefungiwa hawezi lolote kati ya hayo. Aliyeuchukua ufunguo amechukua na wajibu huo wote.

Kwa wanawake mzigo huu ni mzito zaidi na husemwa kidogo zaidi. Magereza mengi ya mji yalijengwa kwa wanaume, wanawake wakapewa chumba kilichobaki, aghalabu stoo ya zamani isiyo na mfereji wake. Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, zile za Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake wafungwa, zinataka wapewe taulo za kike bila malipo na maji ya kutosha wakati wote. Mahali ambapo mwanamke anachana kipande cha godoro ili ajisitiri, kuzungumzia heshima ni kupoteza muda. Mleteeni maji na taulo kwanza.

Upo pia mtego wa wenye nia njema, wanaosema tuvunje kila kitu tujenge upya. Mahali pengine ni kweli, jengo limekufa na halitibiki. Lakini gereza jipya huchukua miaka kukamilika, na katika miaka hiyo lile la zamani hunyimwa hata koki ya bomba kwa sababu "tunahama karibuni". Nimeona ahadi ya kuhama ikiua matengenezo kuliko ukosefu wa fedha. Kisha jipya linafunguliwa, linajazwa mara tatu ya uwezo wake ndani ya muda mfupi, na tangi lake jipya la maji taka linafurika kama lile la zamani.

John Howard alilijua hili kabla ya yeyote kati yetu. Alipofanywa sherifu wa Bedfordshire, Uingereza, mwaka 1773, alikuta watu walioachiwa na mahakama wanarudishwa ndani kwa sababu hawajamlipa mlinzi wa gereza ada yake. Akaanza kuzunguka gereza baada ya gereza akipima vyumba na kuuliza maji yanatoka wapi. Nguo zake zilinuka kiasi kwamba hakuweza kupanda gari la farasi lililofunikwa, akawa anasafiri juu ya farasi. Sheria iliyopatikana mwaka 1774 kutokana na ushahidi wake haikudai majumba mapya. Ilidai kuta na dari zikwanguliwe na kupigwa chokaa angalau mara moja kwa mwaka, vyumba vioshwe na kupitishwa hewa, wagonjwa watengwe, na daktari ateuliwe. Miaka 250 imepita. Kapigeni hodi gereza la karibu muulize selo zake zilipigwa chokaa lini.

Howard alitokea nje ya mfumo, ndiyo maana aliona. Anayeona kila siku ni mganga wa gereza, na hapo ndipo ninapotaka mabadiliko makubwa kuliko yote. Mganga ambaye mshahara wake, cheo chake na likizo yake vimo mikononi mwa mkuu wa gereza hawezi kuandika kwamba selo namba tatu ifungwe. Akiandika, ataandika kwa penseli. Norway ilihamishia huduma za afya za magereza kwenye mfumo wa kawaida wa afya mwaka 1988, Ufaransa ikafuata mwaka 1994, na mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilikutanisha nchi mjini Moscow zikatoa tamko la kuyaunganisha magereza na afya ya umma. Kanuni za Mandela nazo zinampa daktari wajibu wa kukagua chakula, usafi, vyoo, hewa na mwanga, na kumshauri mkuu wa gereza, ambaye anatakiwa ayafanyie kazi mara moja au aupeleke ushauri huo ngazi ya juu. Bwana afya anafunga mgahawa kwa kukosa sehemu ya kunawia mikono. Mlango wa gereza humsimamisha nje, na hakuna sababu ya msingi ya kufanya hivyo.

Askari nao wanahitaji mlango huo ufunguliwe. Wao hawana hukumu, lakini wanavuta hewa ile ile zamu baada ya zamu kwa miaka 30, na wengi wanaishi na familia zao kwenye nyumba zilizounganishwa na tangi lile lile la maji taka. Nimezungumza na mke wa askari mmoja aliyekuwa anachemsha maji ya kuoga watoto kila siku baada ya chemba ya gereza kufurika hadi uani kwake. Hakuwa na habari na Kanuni za Mandela. Alitaka kujua gari la kunyonya litakuja lini.

Kwenye lango la gereza huwa kuna ubao unaoandikwa kwa chaki kila asubuhi: wafungwa wangapi, mahabusu wangapi, waliokwenda mahakamani, walioko hospitali, jumla. Ningeuongezea mistari michache. Idadi ya watu ambayo jengo lilijengewa. Vyoo vinavyofanya kazi leo. Lita za maji zilizoingia jana, zikigawanywa kwa vichwa. Madirisha yaliyo wazi kati ya yaliyopo. Wanaokohoa zaidi ya wiki mbili, na wangapi kati yao wamepimwa. Siku zilizopita tangu tangi liliponyonywa. Na sahihi ya chini iwe ya bwana afya wa mji, anayelipwa na ofisi nyingine.